Ukipata kompyuta kuukuu Mombasa, usiiwashe

Moshi ulianza kutoka kabla sijamaliza kumimina chai. Ulitokea upande wa kushoto wa mashine, mweupe na mzito, na harufu yake sijaisahau: samaki aliyevunda juu ya mpira unaoungua. Mume wangu alikimbilia meni swichi. Mimi nilikimbilia mashine niikumbatie. Siku hiyo watoto walijua nani kati yetu ana akili.

Ilikuwa BBC Micro, Model B, iliyoundwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge na kuanza kuuzwa Uingereza mwishoni mwa 1981. Niliipata Mwembe Tayari kwa kijana anayeuza vitu vya eksi-UK, imelazwa kati ya pasi na redio za gari. Yeye hakuijua. Nilipomuuliza bei aliinyanyua upande mmoja, akaishusha, akasema, "Mama, hii ni kibodi, lakini ona ilivyo nzito. Elfu moja mia tano." Tukavutana hadi elfu moja mia mbili, nikapanda tuktuk nimeipakata kama mtoto mchanga. Kufika nyumbani sikuvua hata buibui. Nikachomeka.

Kila anayeanza kukusanya kompyuta za zamani hufanya kosa hili, kwa sababu hamu yote iko pale: inawaka au haiwaki? Lakini mashine iliyokaa miaka thelathini bila stima si sawa na iliyozimwa jana. Ndani ya pawa saplai ya BBC Micro, ile sehemu inayopokea stima ya ukutani, mna kapasita ndogo za kuchuja stima, zenye ganda la plastiki rangi ya asali. Kwa uzee ganda hilo huingia nyufa nyembamba kama za sahani ya bibi. Ndani yake ni karatasi, na karatasi hunywa unyevu kupitia nyufa zile. Sisi wa kisiwani hatuna haja ya kuelezwa unyevu ni nini. Zikipigwa na volti 240 zinachemka, zinapasuka, na nyumba inanuka siku mbili.

Bahati ni kwamba kapasita hizo zikiungua, mara nyingi mashine yenyewe hubaki salama. Fundi wa redio wa Majengo alizibadilisha kwa nusu saa, akanitoza mia tatu na maneno mengi juu ya wanawake wanaopenda takataka. Tuliichomeka hapo hapo kibandani, kwenye televisheni yake. Ikatoa sauti mbili, ya kwanza nzito, ya pili nyembamba, na skrini ikaandika BBC Computer 32K. Kilobaiti 32: picha moja tu ya WhatsApp haitoshei humo. Fundi akavuta kiti.

Tangu hapo, mashine ikiingia kwangu haiwashwi. Inafunguliwa. Nina bisibisi ya nyota, brashi ya rangi isiyowahi kuona rangi, taa, na simu ya kupiga picha kila waya kabla sijauchomoa. Usitegemee kumbukumbu yako. Mimi niliwahi kurudisha plagi kinyume nikiapa kwamba nakumbuka.

Cha kwanza kutafuta ni betri. Hili nililijua kwa machungu zaidi kuliko ule moshi. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ya klearingi pale Moi Avenue. Siku nzima nilikuwa natazama skrini ya buluu ya WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia barua, nyuma yangu printa ya sindano inapiga kelele ikitoboa nakala tatu kwa kaboni. Ofisi ilipohama, mashine zote ziliwekwa kando ya mlango zisubiri mkokoteni wa vyuma chakavu. Nikamwomba bosi ile niliyoitumia mimi, ya prosesa, yaani chipu kuu, ya 386. Akacheka, akasema nichukue na meza. Niliiweka juu ya kabati la nguo, nikaifunika kwa leso, ikakaa miaka tisa.

Nilipoifungua nilikuta kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, lile pipa dogo la betri, la ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, lenye ganda la buluu, limetokwa na majimaji yaliyoganda yakawa kijani kama kutu ya sufuria ya shaba. Njia za shaba zilizolizunguka zilikuwa zimeliwa. Niligusa moja kwa kijiti cha meno, ikabanduka kama ganda la kitunguu. Mashine yangu, iliyonilisha miaka sita, iliuawa na betri ya saa, juu ya kabati, huku mimi nikidhani naitunza.

Kwa hiyo kata betri hiyo siku ya kwanza, hata kama inaonekana nzima. Ikiwa imevuja, tumia siki nyeupe kwa pamba ya masikio, polepole, mpaka ule ukijani uache kutoa mapovu, kisha usafishe kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Watu hukimbilia magadi kwa sababu wamezoea betri za gari. Betri ya gari ina asidi, magadi huituliza. Hizi za pipa ni za nikeli na kadimi, na uchafu wake ni wa upande wa magadi yenyewe, kwa hiyo unahitaji kitu kichachu. Bila betri, kompyuta ya aina hiyo itasahau tarehe na aina ya diski ngumu kila ukiizima. Mimi huandika namba hizo kwenye kibandiko chini ya kasha, nikaziingiza upya ninapowasha. Ni usumbufu mdogo. Ukiwa na Macintosh za zamani, betri yake ni ya lithiamu, fupi na nene, nayo ikipasuka hula ubao vibaya kuliko hata hii.

Kisha tazama nyuma, kwenye pawa saplai. Kompyuta nyingi za ukoo wa IBM zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Zilizokuja kutoka Marekani huwa zimewekwa 115. Ukiichomeka hivyo hapa kwetu utasikia mlio kama wa fataki ya Idi. Mashine isiyo na swichi hiyo na iliyoandikwa volti 110 au 120 inataka transfoma, hakuna njia ya mkato. Na ukipata Commodore 64, ile ya 1982 inayofanana na mkate wa boflo, usiiamini pawa saplai yake ya asili, lile tofali jeusi. Ikizeeka hutoa volti zaidi ya tano zinazotakiwa, ikachoma chipu za kumbukumbu bila moshi wala onyo. Ipime kwa mita kwanza, au afadhali utumie nyingine mpya.

Monita za kioo, zile za zamani zenye mgongo mnene, usizifungue. Ndani yake maelfu ya volti yanaweza kubaki hata ukishachomoa plagi. Kazi hiyo mwachie fundi wa televisheni wa zamani, na umtafute mapema maana wanapungua.

Sasa hewa. Video za Wazungu zitakwambia uhifadhi mashine mahali pakavu na penye ubaridi. Mahali hapo Mombasa ni ndani ya friji. Upepo wetu, uwe wa kusi au wa kaskazi, unakuja na chumvi, na chumvi huvuta maji, na maji hayo hukaa kwenye miguu ya chipu na kwenye skurubu. Nilikuwa nimeziweka mashine zangu chumba cha mbele, dirisha linatazama bahari, nikiwaringia wageni. Mwaka mmoja tu vichwa vya skurubu vikawa kahawia. Nikazihamishia chumba cha ndani kisicho na dirisha la nje, kinachopakana na jiko la jirani. Mume wangu alikuwa akikiita stoo. Sasa anakiita makumbusho, na si kwa kunisifu.

Usifunge mashine kwenye nailoni. Nimeona watu wakifanya hivyo, na ndani yake mashine inatoka jasho kama abiria wa matatu saa saba mchana. Mimi natumia makasha ya plastiki yenye kifuniko, yale ya kuwekea nguo, na ndani natupa vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba. Majirani wameshazoea kunikusanyia. Kila miezi miwili namwaga zile chembe nyeupe kwenye kikaango kisichopikiwa, moto mdogo sana, zikauke, kisha nazifunga kwenye kitambaa nikazirudisha. Mashine zinazofanya kazi naziwasha mara moja kwa mwezi, saa moja hivi, joto lake lenyewe lifukuze unyevu. Mwezi wa Mei, mvua zikikaza, sifungui chochote.

Na ukiambiwa mashine imekufa, kabla ya kuizika, chomoa plagi, fungua kasha, ubonyeze chipu zilizo kwenye soketi, moja moja, kwa kidole gumba. Kupata joto na kupoa kwa miaka mingi huzisukuma nje kidogo kidogo, na utando wa chumvi humaliza kazi. Utasikia kitu kama "tik". Mashine tatu nilizonazo zilifufuka kwa kidole gumba tu, na zote nilizinunua kwa bei ya maiti.

Jua letu nalo lina upande wake mzuri. Plastiki nyeupe ya zamani hugeuka manjano ya meno ya mvuta sigara. Dawa yake ni ile krimu ya hidrojeni peroksaidi wanayotumia wasusi kugeuza nywele rangi, ya asilimia 12, pamoja na mwanga wa jua. Unafungua kasha, unabakisha ganda tupu, unapaka kwa glavu, unalifunika kwa karatasi ya nailoni ya jikoni, unalianika. Video zinasema uache saa sita hadi nane. Huko kwao. Mimi niliacha saa sita kwenye paa letu mwezi wa Februari, nikaenda sokoni Kongowea, niliporudi krimu ilikuwa imekauka sehemu sehemu na ganda limekuwa na michirizi kama punda milia. Bado liko hivyo. Hapa saa moja na nusu, unaligeuza na kupaka upya kila dakika ishirini, na huondoki kwenda popote.

Diski za flopi, zile bapa za kuhifadhia mafaili, ndizo zinazonipa huzuni, kwa sababu ukungu wa pwani unazipenda. Telezesha mlango wa diski, tazama ule utepe wa duara kwa taa. Ukiona madoa ya kijivu kama ya mkate wa juzi, usiingize kwenye mashine. Utachafua kichwa cha kusomea, na kila diski itakayofuata itakwaruzwa. Safisha kwa pamba yenye spiriti, ikauke, ndipo uisome, na ukiisoma unakili papo hapo maana huenda isisomeke tena. Mimi natumia kadi ndogo iitwayo Greaseweazle inayounganisha draivu ya flopi na laptopu. Kwa michezo na programu za kila siku kuna Gotek, kifaa kinachokaa mahali pa draivu na kusoma flashi badala ya diski.

Katika diski nilizopata na mashine moja ya chuo cha taipu, nilikuta faili la 1996 lililoitwa HARUSI. Ilikuwa bajeti: mchele gunia tatu, mbuzi watano, halua, kukodi viti, na mstari mmoja ulioandikwa "taarab, kama pesa itabaki". Jina la ukoo nililijua, watu wa Kibokoni. Nikaichapisha nikawapelekea. Bibi harusi wa orodha ile sasa ana wajukuu wawili. Alisoma mpaka mstari wa taarab, akaniangalia: "Mwanangu, haikubaki." Kisha nikaifuta ile diski mbele yake. Fanya hivyo na wewe. Mashine umeinunua, barua za watu hukuzinunua.

Swali ninaloulizwa zaidi ni ukusanye zipi. Usikusanye zote, utafukuzwa nyumbani. Mimi nilichagua za Kiingereza kwa sababu za kivivu: plagi ni ile ile yetu, volti ni zile zile, na zinakuja kwenye makontena. Halafu zina historia iliyotufikia mifukoni. Sophie Wilson, aliyeandika BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya BBC Micro, ndiye pamoja na Steve Furber waliobuni prosesa ya ARM. Chipu ya kwanza ilifanya kazi Aprili 1985, na wanunuzi wa mwanzo waliipata kama prosesa ya pili ya kuchomeka kwenye BBC Micro. Simu unayotumia kutuma M-Pesa, karibu hakika, imetokana na ukoo huo. Yule fundi wa Majengo nilipomweleza haya alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Mahali pa kutafuta: ofisi za klearingi zinazohama, vyuo vya taipu vilivyofungwa, stoo za shule, na kwa wauza vyuma chakavu kule Shimanzi. Hao wa mwisho wahi asubuhi. Wao wanataka shaba iliyo shingoni mwa monita, na monita ndiyo hupigwa nyundo kwanza. Nimewahi kumwambia kijana mmoja, nyundo iko juu, "Mwanangu, nisubiri nipige simu." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, shaba haisubiri."

Monita ile ilikuwa ya kompyuta ya Amstrad PC1512, ya 1986, na niliilaumu nyundo mpaka nilipofika nyumbani na kasha lake, nililolipata kwa mia nane, nikagundua kwamba Amstrad waliweka pawa saplai ya kompyuta nzima ndani ya monita. Kasha peke yake halina hata mahali pa kuchomeka waya wa stima. Nimelifungua, nimelisafisha, nimetoa betri nne ndogo za tochi zilizokuwa zimevuja pale juu, nimelipaka siki. Liko tayari. Lina mwaka wa nne sasa kwenye chumba cha ndani, linangoja kichwa chake, na kila nikipita Shimanzi bado nachungulia.