Kulala katika kambi ya manamba

SWALI: Mhariri, salaam. Wanangu wamenilipia siku mbili katika nyumba ya wageni iliyofunguliwa ndani ya kambi ya zamani ya mkonge, upande wa Muheza. Marehemu baba yangu aliletwa kutoka Kigoma akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge, akaishi katika kambi ya namna hiyo. Je, ni heshima mimi kwenda kustarehe alikotaabika? Na nyumba zile zinamfaa mtu wa umri wangu?

Mwalimu mstaafu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na nyumba, kwa kuwa ndilo jepesi. Nyumba za kambi zilijengwa kwa safu, mlango baada ya mlango, ili zilaze watu wengi kwa gharama ndogo. Kwa hiyo anayetaka kumpa mgeni bafu na nafasi ya kugeuka hana budi kuvunja kuta za katikati na kuunganisha vyumba. Waulize wanao kama hilo limefanyika, na kama kuna dari, maana joto la Februari chini ya bati tupu si la kufanyia mzaha.

La heshima ni zito zaidi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu iliyosalimika ndiyo iliyozaa mashamba yale yote, ambayo baadaye yalihitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu. Ndipo wakatafutwa mbali, na kuanzia 1944 wenye mashamba wakawa na chombo chao cha kuwaandikisha, SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, ndiyo asili ya neno manamba, pamoja na kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, ambayo isipojaa mshahara haukutoka.

Mimi sioni kosa katika kulala pale. Kosa ningeliona kwa mwenye nyumba anayetundika ukutani picha za meneja na mkewe tu, kana kwamba mkonge ulijikata wenyewe. Kabla ya kukubali, ulizia kama wageni hupelekwa korona, pale majani yalipokwanguliwa kupata singa (nyuzi za mkonge), na kama anayewaongoza ni mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Na ikiwa kipande cha marehemu bado mnacho, kichukue. Wazee waliobaki kandokando ya mashamba wakikiona, watakuuliza kwanza kama alikuwa mkataji au mtu wa korona.