Baba anazidi kukonda, nimlishe nini?

SWALI: Baba yangu ana miaka 63 na ana saratani ya kongosho. Miezi minne iliyopita alikuwa na kilo 71, leo ana 60. Daktari ameahirisha dripu za saratani mpaka apate nguvu. Majirani wanasema nimpunguzie chakula, eti nikimlisha naulisha ugonjwa. Siku hizi anakunywa uji mwepesi na juisi ya majani tu. Nifanyeje?
Binti wa Tanga

JIBU: Pole sana, mwanangu. Uji huo mwepesi uache leo hii. Baba akinyimwa chakula, saratani hailali njaa. Inakula misuli yake. Kwetu sisi maafisa lishe, mgonjwa kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita ni hatari, na baba ameshavuka 15. Aliyekonda hivyo dawa humwelemea upesi, na mara nyingi siku zake huwa chache kuliko za mwenzake aliyeshika uzito. Ndiyo maana daktari amesita.

Sasa nikuulize jambo ambalo watu huona haya kulitaja: choo chake kikoje? Kama kimepauka, kina mafuta, kinaelea na hakishuki kwa maji, basi hata kile kidogo anachokula hakimfikii mwilini. Kongosho ndilo linalotoa vimeng'enya vya kusaga mafuta na protini. Mweleze daktari, kwani zipo kapsuli za vimeng'enya hivyo. Humezwa na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo. Akisubiri mpaka amalize kula, hazimsaidii sana. Nikwambie mapema usije ukashtuka: hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Kama nyinyi ni Waislamu, muulizeni sheikh wenu kuhusu dharura ya tiba wiki hiihii, siku zisipotee.

Ale kidogo kidogo, hata mara sita kwa siku. Uji wa ulezi mzito wenye maziwa na karanga za kusaga, yai, samaki wa nazi uliyemtoa miiba. Nazi usiiogope maadamu kapsuli zipo. Apimwe na sukari pia, maana kongosho likiumwa sukari hupanda. Mpime uzito kila Jumatatu kwa mzani uleule, na utazame miguu. Ikivimba, mzani utakudanganya.

Chakula hakitaondoa uvimbe wa saratani, hilo sikufichi. Akikataa kula usimgombeze. Ugonjwa ndio uliomkata hamu, si ukaidi. Mwache apumzike, kisha mrudie na kibakuli baada ya saa moja.