Maswali na Majibu: Jumla Inapokosea kwa Muda Mfupi

Nimezoea mtindo wa mwangalizi, ambapo sehemu moja ya programu hujiandikisha kwa nyingine ili iarifiwe thamani inapobadilika. Ubaya wake ni upi?

Katika programu ndogo hauna ubaya. Chukua, hata hivyo, skrini ya duka yenye bei, kodi ya asilimia 18 na jumla, ambapo jumla imejiandikisha kwa bei na kwa kodi pia. Bei ikipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 2,000, na jumla ikapata habari kabla ya kodi, itajumlisha bei mpya na kodi ya zamani ya 180 na kutoa 2,180. Ndipo kodi inapofika 360 na jumla kurekebishwa kuwa 2,360. Ile 2,180 haikuwa sahihi wakati wowote, lakini ikiwa risiti huchapwa kila jumla inapobadilika, karatasi imekwishatoka. Anayearifiwa kwanza kwa kawaida ni aliyejiandikisha kwanza, jambo ambalo hata aliyeandika msimbo huo hulisahau upesi. Zaidi ya hayo, mwangalizi asiyefutwa huendelea kushikilia kumbukumbu ya kompyuta hata baada ya dirisha lake kufungwa.

Uprogramu wa kifunksheni wenye kuitikia (functional reactive programming), ambapo unatamka uhusiano wa thamani na programu huzisasisha yenyewe, unasaidiaje?

Conal Elliott na Paul Hudak waliueleza mwaka 1997 kwa ajili ya michoro inayotembea, wakitumia lugha ya programu ya Haskell. Badala ya kuagiza nani aarifiwe, unatamka mara moja kwamba jumla ni bei na kodi, kama ufanyavyo katika seli ya lahajedwali. Maktaba kadhaa za programu zilizofuata huitunza ramani ya thamani ipi inategemea ipi na kukokotoa kwa mpangilio wake, hivyo kodi hutangulia na 2,180 haionekani kabisa.

Je, kuna faida nje ya hesabu?

Ipo, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 2010 Ingo Maier, Tiark Rompf na Martin Odersky, wa chuo kikuu cha EPFL nchini Uswisi, walipendekeza mtindo wa mwangalizi uachwe, na mfano wao ulikuwa kuburuta kipanya. Kwa waangalizi unahitaji mmoja wa kubonyeza, mmoja wa kusogeza na mmoja wa kuachia, wote wakigusa hali ileile wanayochangia. Wao waliuandika mburuto mzima kama maelezo mamoja yanayosomeka kuanzia juu hadi chini.

Natumia Rx (ReactiveX), maktaba ya programu. Si ndiyo hiyohiyo?

Ni ndugu, si pacha. Rx hushughulikia mikondo ya matukio, ilhali Elliott alisisitiza thamani zinazoendelea bila kukatika kadiri wakati unavyokwenda. Tena, ukiunganisha mikondo ya bei na kodi kwa `combineLatest`, amri ya Rx inayotoa matokeo mapya kila mkondo wowote unapobadilika, ile jumla potofu hurudi vilevile.

Basi nifute waangalizi wote?

La. Kitufe kimoja chenye kazi moja kiache kilivyo.