Bangkok na shanta moja: maswali yenu ya wiki hii

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza mji mmoja, Bangkok. Nimekaa huko mara mbili, shanta mgongoni na pesa za kuhesabu, na mji ule naupenda kwa dhati. Nimechagua maswali matano.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa Dodoma. Februari nakwenda Bangkok siku kumi, na nje ya tiketi nina dola 400. Zitanitosha?*

Marahaba, mwanangu. Zitatosha. Ni karibu baht 13,000, yaani 1,300 kwa siku. Kitanda cha bweni ni baht 300 hadi 400, na sahani ya wali kwa mamalishe wa barabarani ni 50 au 60. Februari nayo umechagua vizuri. Joto la Aprili halina huruma.

Wasiwasi wangu uko kwenye kitabu cha njano. Thailand inamtaka kila anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na nchi nyingine zenye homa ya manjano aonyeshe cheti cha chanjo, na chanjo iwe imechomwa angalau siku kumi kabla. Ukitua uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, usifuate umati kwenye foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la afya lililoandikwa Health Control, wakague cheti chako, ndipo upange foleni. Nilimwona Mtanzania mwenzangu aliyesimama muda mrefu, akafika dirishani na kurudishwa nyuma kwa kuruka hatua hiyo. Halafu kuna fomu ya kuingia nchini, ambayo tangu Mei 2025 hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti ikikudai pesa, ujue si ya serikali.

Dola zako zibadilishe ghorofa ya chini kabisa ya uwanja, karibu na treni, ambako utapata baht nyingi kuliko madirisha ya juu. Beba noti za 100 zisizo na mikunjo. ATM zao hukata baht 220 au zaidi kila unapotoa kwa kadi ya nje, basi usitoe kidogokidogo. Kisha panda treni hiyohiyo hadi kituo cha Phaya Thai, mjini, kwa baht 45.

*Kaka, rafiki yangu alizungushwa na bajaji kutwa nzima mpaka duka la vito, hekalu hakuliona. Ilikuwaje?*

Ni mchezo wa miaka mingi. Karibu na kasri kuu la kifalme anatokea mtu nadhifu, mpole, anakwambia leo limefungwa kwa ibada. Kwa bahati kuna bajaji, tuk-tuk wanavyoziita, itakayokuzungusha mjini kwa baht 20. Dereva analipwa na duka kwa kukufikisha. Usibishane na yule mpole, ndugu yangu. Mshukuru, tembea hadi getini ukajionee. Kiingilio ni baht 500, mwisho wa kuingia saa tisa na nusu alasiri, na mabega na magoti yawe yamefunikwa. Mpe pole rafiki yako, maana wanaodanganyika pale ni watu wastaarabu, waliofundishwa nyumbani kumsikiliza mgeni anayewasemesha.

*Nina duka la nguo Kariakoo. Naweza kuunganisha matembezi na mzigo?*

Unaweza, dada. Nenda eneo la Pratunam, kwenye jengo la maduka la Platinum, na soko la jumla la Bobae. Bei hushuka ukichukua vipande kadhaa katika duka moja. Ila ulizia kilo za begi kabla hujanunua.

*Assalaam aleikum. Sisi ni Waislamu wa Mombasa, tunaogopa chakula. Tutakula nini?*

Wa aleikum salaam. Mtakula vizuri kuliko mnavyodhani. Nguruwe yumo kwenye vyakula vingi, na hata supu ya mboga huenda ikawa ya mifupa yake, kwa hiyo tafuteni alama ya halali yenye maandishi ya Kiarabu. Jifunzeni maneno matatu: *mai ao mu*, sitaki nguruwe. Ulizeni *khao mok gai*, wali wa manjano na kuku unaofanana na biriani, ukiliwa na mchuzi wa kijani wenye utamu na ukali. Mkiumwa na hamu ya nyumbani, nendeni mtaa wa Waarabu, Soi 3/1 (soi ni kichochoro), kando ya barabara ya Sukhumvit. Swala yaweza kuwa Msikiti wa Haroon, Charoen Krung Soi 36.

Lakini ninapowatuma kwa moyo wote ni Ban Krua. Ni mtaa wa Waislamu wa Kicham, wenye asili ya Kambodia, ambao mababu zao walipewa ardhi ile baada ya kupigana upande wa mfalme. Hariri ilifumwa humo kwa vizazi. Vichochoro vyake ni vyembamba, watu wazima hukaa barazani, na mgeni anayesalimia hujibiwa.

*Foleni za magari zinatisha. Nitazungukaje?*

Kwa maji! Mfereji wa Saen Saep unapita katikati ya mji, na boti zake huenda kasi huku barabara juu imeganda. Nauli ni baht 10 hadi 20 hivi. Boti haikai gatini, hivyo ruka upesi. Maji ni machafu; yakirushwa, vuta kamba ya turubai kama wenyeji. Ukishukia gati ya Hua Chang, Ban Krua iko jirani.

Kwenye mto Chao Phraya panda boti ya bendera ya chungwa, baht 16 popote uendako. Watakuelekeza kwenye ya watalii, ya bendera ya buluu, ambayo ni ghali zaidi. Kataa kwa tabasamu. Kondakta huchezesha kopo refu la chuma kama makonda wetu wanavyochezesha sarafu. Shuka gati ya Tha Tien, uvuke kwa kivuko cha baht chache mpaka hekalu la Wat Arun, kama unavyovuka Kigamboni. Nenda alasiri, urudi ng'ambo kabla jua halijazama, uutazame mnara ukiwashwa taa. Boti za chungwa hukoma mapema jioni, kwa hiyo weka nauli ya kurudia kwa gari.