Jibu: Mama aache sindano, atumie kokwa za aprikoti?

Dada, umeuliza kama mama aache sindano za kansere ya titi ajaribu kokwa za aprikoti, zile zinazosifiwa kwenye kliniki za Tijuana, Meksiko. Asiache! Kokwa hizo zikifika tumboni hutoa sumu ya sianidi, na Marekani dawa inayotokana nazo haijaidhinishwa.

Majani siyadharau. Vinkristini, dawa ya kansere ya hospitalini, ilitoka kwenye ua la Madagaska, ila inapimwa kwa miligramu, haichemshwi kwenye sufuria.

Shangazi yangu hapa Kadutu, Bukavu, alikunywa majani machungu miezi saba. Uvimbe ulianza kama njugu. Tulipovuka mto Ruzizi kumpeleka hospitali ya kansere ya Butaro, Rwanda, ulishakuwa kama limau. Tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, sawa, lakini kwanza mwambie munganga wake wa hospitali.