Jina la .duka la kulipia mara moja: kwa nini wateja hawalifungui?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina duka la vitenge na mashuka Morogoro. Kijana mmoja ameniuzia jina la tovuti linaloishia na .duka. Alisema liko kwenye blokicheni, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na nikilipa mara moja ni langu maisha, hakuna ada ya kila mwaka. Kwenye kompyuta yangu linafunguka vizuri, lakini wateja nikiwatumia kwa WhatsApp wanasema halifunguki. Yeye anasema kampuni za simu hazijasasisha mitambo yao, nivumilie kidogo. Ni kweli? Na mifuko yenye jina hilo niendelee kuichapisha?

JIBU: Mifuko isimamishe leo, dada, na ile iliyokwisha chapishwa usiigawe bado. Hakuna mtambo wa kampuni ya simu unaosubiri kusasishwa. Jina ulilouziwa halimo kwenye orodha ambayo intaneti ya kawaida inaisoma.

Mteja akibofya jina, simu yake haijui tovuti iko wapi. Inaiuliza seva ya DNS, yaani kompyuta inayobadilisha jina kuwa anwani ya namba, mara nyingi ile ya kampuni yake ya simu. Seva hiyo isipokuwa na jibu tayari, inaanzia juu kabisa, kwenye seva za mzizi, zinazojulikana kwa herufi A hadi M na kuendeshwa na taasisi 12. Inauliza: nani anashika .duka? Ingeuliza .tz, ingetajiwa seva zinazoshika .tz, na kutoka hapo ingeelekezwa hatua kwa hatua hadi kwenye tovuti. Kwa .duka mzizi unajibu kwamba hakuna kitu kama hicho, na habari inaishia hapo.

Hakikisha mwenyewe. Kama kompyuta yako ni ya Windows, fungua dirisha la amri, andika nslookup, ruka nafasi, andika jina lako zima, ruka nafasi tena, andika 8.8.8.8, kisha bonyeza Enter. Namba hizo ni za seva ya DNS ya Google iliyo wazi kwa kila mtu. Utajibiwa "Non-existent domain". Rudia kwa kuweka google.com mahali pa jina lako, na anwani za IP, yaani namba za kompyuta zenye tovuti hiyo, zitatoka papo hapo.

Kwako linafunguka kwa sababu kompyuta yako imeandaliwa. Ama umewekewa kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, kwenye kivinjari, ama umepewa kivinjari kama Brave ambacho husoma baadhi ya majina ya blokicheni, ama mpangilio wa DNS umebadilishwa. Hili la mwisho ndilo linalonitia hofu. Seva ya DNS ikibadilishwa haishughuliki na .duka peke yake. Kila jina unaloandika, hata la benki yako, linapitia huko, na anayeiendesha anaona unakokwenda na anaweza kujaribu kukupeleka kwingine. Ingia kwenye mpangilio wa mtandao, tafuta sehemu ya DNS, na ukikuta namba ambazo hukuziweka wewe, zifute ili kompyuta ijipatie seva yenyewe.

Na hata kama wateja wako wote wangekubali kuweka kiendelezi, bado barua pepe isingekufikia kwa jina hilo, maana seva za barua pepe nazo huuliza mzizi uleule. Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https bila kivinjari kutoa onyo, pia hutakipata kwa watoa vyeti wanaoaminiwa na vivinjari. Kanuni zao haziwaruhusu kutoa cheti kwa jina lisilokuwemo kwenye mfumo wa umma.

Kijana wako atakuambia kwamba ICANN, inayosimamia mzizi huo, ni shirika tu lililosajiliwa Marekani, na haijapewa na yeyote haki ya kuyatawala majina ya dunia. Hoja hiyo siidharau. Mzizi umesimama kwa makubaliano. Tarehe 28 Januari 1998, kabla ICANN haijaundwa, Jon Postel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Southern California aliyesimamia majina na namba za mtandao tangu enzi za mwanzo, aliwaandikia waendeshaji wa seva nane za mzizi akiwataka wachukue orodha kwake, si kwa kampuni iliyokuwa na mkataba na serikali ya Marekani. Wakakubali. Serikali ilikuja juu, naye akasema lilikuwa jaribio na akarudisha mambo yalivyokuwa. Lakini tazama alichogusa: alihamisha mahali orodha inapochukuliwa, hakuunda orodha ya pili. Siku zote hizo, jina moja liliendelea kufika mahali pamoja.

Wanaounda orodha ya pili ndio wanaowaumiza wateja. Kabla ICANN haijaichagua .biz mwezi Novemba 2000, tayari kulikuwa na .biz nyingine kwenye mizizi mbadala, yenye wamiliki wake. .biz ya ICANN ilipoanza mwaka 2001, wale wa kwanza walibaki na majina ambayo karibu dunia nzima iliyaona kuwa ya watu wengine. Blokicheni haikuliponya tatizo hilo. Mwaka 2022 kampuni ya Unstoppable Domains iliacha kuuza majina ya .coin, kwa sababu mradi mwingine wa blokicheni, Emercoin, ulikuwa na .coin yake tangu zamani. Kila muuzaji ana daftari lake, na hakuna daftari linalolazimika kuliheshimu la mwenzake.

Hatari hiyo inakuhusu moja kwa moja. ICANN ilipanga kupokea maombi ya vikoa vipya vya juu, yaani vya ngazi ya .com au .africa, mwaka 2026, kwa ada ya dola 227,000 kila ombi. Mwenye fedha akiomba .duka na kupewa, risiti yako haitakusaidia kitu mbele ya ICANN. Mtu mwingine akisajili jina lako huko, ndipo litakapoanza kufunguka kwenye simu za wateja wako, na litawapeleka kwake.

Anayetaka kupambana na ICANN ana njia, na Afrika tumeiona. Mwaka 2012 .africa iliombwa na taasisi ya ZACR ya Afrika Kusini, iliyoungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika, na pia na shirika la DotConnectAfrica Trust la Mauritius. ICANN iliikataa DotConnectAfrica mwaka 2013. Nayo ikadai jopo huru, na Julai 2015 jopo likasema bodi ya ICANN imekwenda kinyume na katiba yake yenyewe. Ombi likarudishwa mezani, likakwama kwenye sharti la kuungwa mkono na serikali za Afrika, kesi ikaenda mahakamani California, na Februari 2017 .africa ya ZACR ikaingizwa kwenye mzizi. Ulikuwa ugomvi mkali na mrefu, lakini mzizi ulipata .africa moja, na jina lake linafunguka Dakar kama linavyofunguka Dodoma.

Wewe nenda kwa msajili aliyeidhinishwa kuuza majina ya .tz, uulize kama jina la duka lako liko wazi kwenye .co.tz. Utalipia kila mwaka, ndiyo, lakini litafunguka kwenye simu ya mteja yeyote mwenye bando. Lisajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, si la fundi, na barua pepe ya usajili iwe yako. Kijana mdai fedha yako kwa maandishi, na ujumbe wa WhatsApp alipokuahidi usiufute. Huenda naye aliamini alichokuuzia, kwa hiyo anza kwa upole. Picha na maandishi ya tovuti ameyahifadhi kwenye seva ya kawaida au mahali pengine. Mwambie akupe mafaili yote pamoja na nywila kabla hamjaachana.