Mtandao ukishika tu, bekapu ianze yenyewe? Nilijaribu, nikaacha

Mkuu, umeuliza kama programu yako ianze bekapu na kushusha masasisho yenyewe kila laptopu inaposhika mtandao. Mimi naona ipate taarifa kwamba mtandao umerudi, sawa, lakini taarifa hiyo isiwe amri ya kuanza kazi. Nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya, na nikajuta.

Kwenye Linux, niliweka skripti (faili la amri) ndani ya /etc/NetworkManager/dispatcher.d, folda ya skripti zinazoendeshwa na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, kila mtandao unapobadilika. Mtandao ukipanda, inaita rsync (programu ya kunakili mafaili) kupeleka mafaili kwenye seva, halafu curl (programu ya kushusha vitu mtandaoni) inashusha orodha ya tovuti za matangazo za kuzuiwa na kuiandika juu ya ile ya zamani. Wiki za mwanzo raha tupu. Siku moja nikaunga waifai ya wageni, ile ya kukubali masharti kwanza. Kompyuta ilishapata anwani ya IP, kwa hiyo kwake mtandao upo. Curl ikaomba orodha kwa http ya kawaida, ikaelekezwa kwenye ukurasa wa masharti, ikaenda (nilikuwa nimeweka -L, inayoiambia ifuate inakoelekezwa, hilo kosa langu), ikapokea 200, yaani jibu la "sawa". Skripti ikaona mambo safi, ikaandika HTML juu ya orodha yangu. Nilikuja kushtuka siku mbili baadaye, matangazo yamejaa kila mahali, nikaanza kumlaumu kivinjari wa watu bure.

Kisha likaja la waifai dhaifu, inashika na kuachia. Rsync nilikuwa nimeirusha nyuma kwa & ili isimkwamishe NetworkManager, basi kila mtandao ukishika inazaliwa nyingine juu ya iliyopo. Nikakuta nne zinagombania faili zile zile. Na la hotspoti ya simu usiniulize: bando liliisha kabla sijafungua hata barua pepe moja.

Yote haya yana dawa. Amri ya nmcli networking connectivity check inakuambia kama umekwama kwenye ukurasa wa masharti ("portal") au intaneti imefika kweli ("full"). NetworkManager inajua pia kama mtandao unalipiwa kwa kipimo, na Windows na Android nazo zinajua, kwa hiyo iulize kabla ya kusukuma mafaili mazito. Flock, amri ya kuweka kufuli, inazuia kazi moja kujirudia juu ya yenyewe. Faili lolote linaloshushwa liweke pembeni kwanza, likague, ndipo ulibadilishe na la zamani.

Waliotengeneza Android walishapita njia hii. Zamani apu iliweza kujiandikisha kwenye manifesti yake (faili la maelezo ya apu) ili iamshwe kila mtandao unapobadilika, matokeo yake apu kibao zinaamka kwa mpigo na kula betri. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, apu zinazolenga toleo hilo hazipati tena tangazo hilo kwa njia hiyo. Zinaiachia JobScheduler, mpangaji kazi wa Android, kazi pamoja na masharti yake, mfumo unachagua muda.

Kuna na usalama, ambao watu huusahau. Skripti za dispatcher, zile za folda niliyotaja, huendeshwa kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Mwaka 2018 ilitangazwa dosari ya usalama iitwayo CVE-2018-1111: skripti ya aina hiyo iliyokuja na Red Hat Enterprise Linux 6 na 7 ilimeza majibu ya DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) bila kuyachuja, hivyo mtu mwenye seva ya hila ya DHCP kwenye mtandao uliounga aliweza kuendesha amri kama root. Wewe umeunga waifai tu!

Sasa hivi bekapu yangu iko kwenye taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux), kila nusu saa, na RandomizedDelaySec (kuchelewesha kwa nasibu) ili mashine zangu zisiivamie seva kwa pamoja. Nilichoacha kianze papo hapo ni VPN, kwa sababu hiyo ikichelewa haina maana, na kusawazisha saa, maana saa ikikosea sana hata vyeti vya https vinakataliwa. Kwa programu yako, kama itatumiwa na wengine, kuanza yenyewe kuwe kumezimwa mwanzoni, na mtumiaji achague mwenyewe ni kwenye waifai zipi inaruhusiwa kufanya kazi.